Wikendi ya Lamu: mkate wa mofa, mchezo ngomeni na dalali aliyezomewa

Mtu akitaka wikendi ya mjini, yaani ile ya kula vizuri, kuona shoo usiku na mchana kuzurura kutazama vitu, utamsikia anataja Nairobi, akijitutumua sana anataja Zanzibar, na Lamu anaiweka akiba ya fungate na picha za bichi. Mimi naishi Malindi, Lamu kwangu ni kupanda basi asubuhi na mchana nshakaa mkekani kwa watu nala wali, na kila siku nawaambia wenzangu kwamba pwani yetu hii ya Kenya hakuna mji wenye usiku mtamu kama Amu, ndiyo Lamu yenyewe. Hawaamini. Wanaona mji hauna magari, hauna baa za kuhesabika, ikifika saa sita kila mtu yuko kwake, basi wanasema umelala.

Shoga yangu wa Nairobi ndiye aliyenitia hasira mpaka nikampeleka. Huyu ni mtu wa thieta haswa, pale Kenya National Theatre anakwenda kama watu wengine wanavyokwenda saluni, na hakosi kukukumbusha kwamba jengo lile lipo tangu 1952 na waigizaji fulani na fulani wamepitia pale. Hatujakata hata tiketi ya basi ananiuliza, sasa usiku tutaona nini huko, kuna ukumbi? Nikamwambia we njoo na leso ya kujifunga, mengine niachie mimi.

Njia siku hizi ni raha, tuseme ukweli. Wakubwa zangu mnakumbuka Garsen kwenda Witu ilivyokuwa, mvua ikinyesha basi linakwama mnalala na mbuzi wa watu, sasa ni lami mpaka Mokowe. Vizuizi vya polisi bado vipo, mnashuka, mnatoa vitambulisho, mnapanda, kwa hiyo usikizike kitambulisho chini ya begi halafu uchelewishe basi zima kama alivyofanya mtu ambaye sitamtaja. Mokowe ndio mwisho wa gari. Hapo unaingia boti, kisiwa unakiona mbele. Na wewe uliyekuja na ndege usijione, uwanja wa ndege uko Manda, kisiwa kingine, na wewe pia utapanda boti kama sisi na maji yatakurukia kama sisi.

Tulifika Ijumaa, na Ijumaa Lamu ina mambo yake. Kuanzia mchana mchana watu wako msikitini, maduka ya Usita wa Mui, ile njia kuu ya mji, yamefungwa milango, unapita njia nzima unakutana na paka na punda tu. Ukiwa na njaa saa hiyo utaijua. Bora ufike, uoge, ulale, ndivyo tulivyofanya. Tulikodi chumba mtaa wa Mkomani, nyumba ya mawe ya zamani, mwenye nyumba mama mtu mzima ambaye kututazama tu akasema, "Karibuni wanangu, mmechoka, ndooni mukae." Akatuletea maji ya malimao na tangawizi, akatuacha.

Sasa chumba chenyewe. Shoga yangu aliingia akasema mbona kirefu hivi na chembamba hivi, kimejengwa na nani? Yule mama akacheka, akanyoosha kidole juu. Dari za nyumba hizi zinabebwa na boriti za mikoko, na boriti ya mkoko haiwi ndefu ukapenda, upana wa chumba unakomea pale boriti inapokomea, karibu mita 3 hivi, basi ukitaka chumba kikubwa unakirefusha, hukipanui. Mji mzima umekatwa kwa kipimo cha mti mmoja. Juu ya boriti yanapangwa mawe ya matumbawe na chokaa, unene wa kutosha kufanya chumba kiwe baridi saa nane ya mchana bila feni, lakini uzito wake ni wa kutisha na maji yakipata njia yanaozesha boriti kimyakimya. Yule mama alituonyesha kona iliyovimba. "Hii nasubiri pesa," akasema, kisha akabadilisha mada. Iwekeni akilini hiyo kona.

Usiku wa kwanza ulikuwa wa kula. Ziko hoteli za mbele ya bahari zenye menyu ya lugha tatu, kamba kwa nazi, kaa, samaki wa kuchoma na chipsi, ni nzuri, sizipondi, ila tuliketi katika moja wapo ambayo samaki alikuja baada ya muda ambao ningeweza kwenda kuvua wangu mwenyewe, na bili ilikuwa na kitu kinaitwa sevisi ambacho sisi hatukukiona. Tukala, tukalipa, tukaondoka na njaa ya kutaka kitu cha kweli.

Tukaingia ndani upande wa Langoni. Hapo ndipo pa kula bana. Mishkaki inapepewa, viazi vya karai, bhajia, katlesi, juisi ya ukwaju, juisi ya tende na maziwa nzito mpaka mrija unagoma. Halafu tukampata mama wa mofa. Kama hujaona mkate wa mofa ukichomwa, simama utazame, usinunue ukakimbia. Mofa ni tanuri la udongo lina mdomo juu, ndani lina makaa, yule mama anachota unga wa mtama uliokandwa, anautandaza kiganjani, anachovya mkono kwenye maji, mkono mzima unaingia ndani ya moto na paa, mkate umeganda ubavuni, mkono umetoka. Ulivyofanya huoni, unasikia tu tss. Shoga yangu akamuuliza, mama huungui? Akajibu bila kugeuka, "Nliungua zamani." Mkate ukitoka una madoadoa meusi, mgumu kidogo pembeni na laini katikati, unaumega ukachovya kwenye mchuzi wa samaki wa nazi wenye pilipili na ndimu. Tulikula tumesimama, leso zimeingia mchuzi.

Tukamalizia kahawa Mkunguni. Huu ndio uwanja ulio mbele ya ngome, chini ya ile mikungu, na ukitaka kujua kama Lamu imelala njoo hapa baada ya sala ya Isha. Muuza kahawa na dele lake la shaba na vikombe vidogo, kahawa tungu, kashata ya nazi pembeni. Wazee wa dhumna wanapiga vipande mezani mpaka unaruka. Watoto mpira. Wanawake mabuibui mawili mawili wanapita kutoka harusini au kwenda. Kila anayepita anaamkiwa, "Masalkheri," na kila anayeamkiwa anatazamwa mpaka akunje kona, halafu maoni yanatolewa. Shoga yangu akaniambia kwa sauti ya chini, hapa kila mtu anaigiza na kila mtu ni mtazamaji. Nikamwambia ushaanza kuelewa, kunywa kahawa.

Jumamosi tulitazama vitu. Ntasema kwa ufupi manake haya utayapata popote. Makumbusho ya Lamu yako mbele ya bahari, na ukiwa na saa moja tu mjini ingia humo kwa ajili ya siwa, yale mabaragumu makubwa ya zamani. Ziko mbili, ya shaba ya Lamu na ya pembe za ndovu ya kisiwa cha Pate, hii ya Pate ni ya karne ya 17 na urefu wake ni karibu mita 2, imechongwa mpaka huamini kama ilipigwa kwa mdomo wa mtu. Zilikuwa za harusi za wakubwa na sherehe za watawala, hazikupigwa ovyo. Tulisimama hapo muda mrefu kuliko popote. Posta ya Wajerumani, wale walioifungua 1888 wakati wana mambo yao na sultani wa Witu, unapita unaona picha unaondoka, haina shida. Nyumba ya Kiswahili nayo ingia kama hujalala kwenye nyumba ya mawe, kuna ukuta wa zidaka, vile vishubaka vya ukutani, wa kupendeza, ila sisi tulikuwa tumelala kwenye makumbusho tayari.

Takwa, yale magofu ya mji wa kale kule Manda, tuliikosa kwa sababu ya maji. Ule mlango wa mikoko unaingilika maji yakijaa, na siku ile yalijaa alfajiri sisi tunaota. Nahodha alituambia vizuri tu, "Dada zangu, bahari haina saa ya simu." Ukienda uliza maji usiku uliotangulia, sio asubuhi. Badala yake tukatembea Shela, kilomita 3 hivi kwa kufuata ufuo, tukachovya miguu, tukarudi kwa boti. Pale Shela ndipo watu wa Lamu walipowapiga watu wa Pate na Mazrui, watawala wa Mombasa, ni miaka zaidi ya 200 sasa, na baada ya vita hivyo ndio Lamu ikajiegemeza kwa Oman na ngome ikapata kujengwa, ilianza 1813 ikamalizwa 1821. Leo Shela ni nyumba nyeupe za wageni, mabwawa ya kuogelea juu ya paa. Zimependeza, sikatai. Lakini unapita kichochoro kizima jioni husikii mtoto akilia, na mimi mtaa usiolia mtoto haunikai.

Sasa ngome. Mchana ni jengo tu, kuta nene, ngazi, ua mkubwa katikati, mpaka 1984 ilikuwa jela na ukiujua ule ukweli ukiwa umesimama pale uani utatazama juu mara mbili. Ila siku hizi ua ule ni wa watu wote, harusi, maonyesho, mikutano. Na jioni ile yule mama mwenye nyumba yetu alituambia kuna vijana wana mchezo wa kuigiza ngomeni baada ya Isha, kwenda ni bure, chukueni mkeka wenu.

Hatukufika moja kwa moja. Njiani Langoni tulikutana na kirumbizi cha harusi, ile ngoma ya fimbo, na kirumbizi hakipitwi. Zumari inalia, yule mpigaji mashavu yamejaa hewa na pumzi haikatiki, ngoma zinajibu, wanaume wamefanya duara, wawili ndani na bakora. Wanazungukana kwanza kwa madaha, kanzu zimeshikwa, huyu anachezea bega, yule anajifanya hamuoni, halafu ghafla fimbo inashuka na mwenzake anaikinga karibu na sikio, paa! Watu wanapiga kelele, mmoja anatoka, mwingine anaingia, na anayeingia mara nyingine ni mzee wa miaka ya kutosha anayepewa nafasi kwa heshima kisha anamchapa kijana kwelikweli. Sisi wanawake tulikuwa upande wetu, na wengine juu madirishani, na huko ndiko maoni makali yalikotoka. Shoga yangu alikuwa kashika mkono wangu mpaka alama. Nilimvuta kwa nguvu, nikamwambia mchezo utaanza bila sisi. Na kwa wale wanaotaka kuona ngoma kwa ratiba, basi nendeni wakati wa Maulidi ya msikiti wa Riyadha mwezi wa Mfungo Sita mkaone ngoma ya goma na maandamano ya zefe, au tamasha la utamaduni ambalo kwa kawaida huwa Novemba, na mashua na punda wanashindana. Ila vyumba siku hizo mtavitafuta kwa tochi.

Ngomeni tulikuta mikeka imejaa. Wanawake na watoto upande mmoja, wanaume upande mwingine na wengine juu kwenye ngazi, mataa mawili, pazia ni leso mbili za kisutu zimefungwa kwenye kamba. Mchezo wenyewe ni huu: baba amefariki, ameacha nyumba ya mawe Mkomani, watoto ni ndugu wawili wanaume na dada yao. Kaka mkubwa anataka kuuza. Mdogo anataka fungu lake anunue injini ya boti. Dada ndiye anayeishi humo na hataki. Anaingia dalali na mnunuzi wa kutoka ng'ambo ambaye humuoni kamwe, yuko kwenye simu.

Dalali alikuwa kijana mwembamba, miwani ya jua usiku, simu mbili, kofia ya viua imelazwa upande, na kila akiongea anabadilisha simu sikioni. Hajamaliza sentensi ya pili bibi mmoja mbele yetu akamrushia, "Toka hapo na maneno yako! Nyumba ya wavyele haiuzwi!" Mimi nlidhani kijana atababaika. Akavua miwani, akainama kwa adabu zote, "Shikamoo bibi. Yako nayo naijua, ile ya kona. Tutaongea." Wallahi ngome ilipasuka. Bibi mwenyewe alicheka mpaka akajifunika uso na mtandio, halafu akaendelea kumtukana kwa raha zaidi.

Wakaleta hati ya nyumba, karatasi kubwa, wakaitandaza chini ili dada atie sahihi. Paka akatoka kusikojulikana, mnajua paka wa Lamu hawana aibu, akaja akalala juu ya ile karatasi. Yule dada hakutingishika, akamtazama kaka yake akamwambia, "Mrithi wa nne huyo, mgawieni kwanza." Hiyo haikuandikwa popote, ilikuja hapohapo.

Lakini kilichomtoa shoga yangu roho ni hesabu. Kaka mkubwa akasimama akasema bei ikishalipwa, dada atapata robo, wao wanaume robo tatu wagawane. Akaendelea. Nyuma upande wa wanaume mzee mmoja akasimama na bakora yake. "Hapana. Simama hapo." Kijana akasimama kweli. "Kuna mjane? Kuna babu au bibi aliyebaki?" Hakuna. "Basi ni mafungu matano. Mwanamume mawili, mwanamume mawili, mwanamke moja. Dada yako umempa zaidi, na mtu hatoi cha mwenziwe bila mwenziwe kuridhia. Rudia." Na kijana akarudia! Na sehemu moja ya tano. Wanawake upande wetu ikawa mshindo, mmoja anasema mzee mbona hukunyamaza mtoto wa watu akapata robo yake, mwingine anasema hesabu ni hesabu, dada kwenye steji anasikiliza kama vile kesi ni yake, akachukua mstari wake palepale: "Robo au moja ya tano, mimi nataka chumba, siwataki nyinyi wala mafungu yenu." Makofi.

Shoga yangu akaniambia Nairobi mtu akisimama hivyo katikati ya shoo walinzi wanamtoa. Nikamuuliza, na unadhani shoo gani ilikuwa bora, ile kabla ya mzee kusimama au baada? Hakunijibu, alikuwa anambishia jirani yake kuhusu yule ndugu mdogo na injini.

Siwezi kudanganya kwamba kila kitu kilikuwa sawa. Vijana wengine sauti zilikuwa zinamezwa na kuta, nusu ya maneno ya ndugu mdogo sikuyasikia, na mwisho ulikuwa wa haraka, mnunuzi anakata simu tu basi na watu wanasamehana. Mwisho wa uongo huo. Nyumba Lamu haziokoki kwa simu kukatika, zinauzwa kwa sababu ndugu ni wengi, mtu yuko Mombasa, mwingine yuko Uarabuni, na nyumba haikatiki vipande. Niliwaambia hivyo vijana wenyewe nje, na dalali, ambaye bila miwani ni mtoto mpole kabisa, akasema, "Dada, tulikuwa na mwisho mwingine, mama yangu alilia kwenye mazoezi tukauondoa." Sikuwa na la kujibu. Tukanunua halua Langoni, ile ya tui yenye iliki, tukaila uani kwa yule mama, tukamhadithia mchezo wote, naye akauliza swali moja tu, waliuza?

Jumapili boti ya asubuhi, basi Mokowe, begi la halua na kofia moja ya viua ambayo shoga yangu amenunua kwa bei niliyomkataza. Hatujafika kituo cha Hindi washaanza tena kubishana, safari hii ni yeye na mama aliyekaa mbele ambaye naye alikuwa ngomeni, dada angefanya nini, angewakodisha wageni vyumba awalipe ndugu zake pole pole, hapana angekubali fungu lake ajenge mtaa wa Kashmiri kwa simenti. Kwenye kizuizi cha polisi tukashuka na mabishano yetu, tukapanda nayo. Kiti cha nyuma kulikuwa na bwana wa makamo, kimya njia yote, fundi kwa mikono yake ilivyokuwa. Karibu na Witu akainama kati ya viti vyetu.

"Mafungu matano ni sawa," akasema. "Lakini mimi nlitazama mchezo wote nikingoja mtu ataje dari. Tangu ile marufuku ya kukata miti ya 2018 boriti nzuri nazinunua kwa bei ya kilio, chokaa ndio hiyo, na watu wa makumbusho, wanaolinda mji wa kale, hawataki bati, wana haki. Dada amebaki na nyumba, mmepiga makofi, mmekwenda kulala. Mvua ya masika inakuya. Nani analipa dari?"

Shoga yangu akafungua begi, akamkatia kipande cha halua, akamwambia, "Kaka, sogea huku. Ni shilingi ngapi?"